Paneli ya matangazo ghalani: anza na kitufe cha hatari, vingine baadaye

Mahindi yameanza kuingia mjini kutoka Kalambo na Nkasi, malori yanapanga foleni, na naona mwaka huu vijana wengi mmeacha kuuzia shambani mkaungana kukodi maghala. Vizuri sana. Ila ghala likishakuwa na watu ishirini, mashine ya kusafishia mahindi inayonguruma, malori yanayorudi nyuma na dawa ya kufukizia, sauti ya msimamizi peke yake haitoshi tena. Ndiyo maana nimeulizwa mara kadhaa kuhusu hizi paneli za matangazo, zile zenye maiki, vitufe vya kuchagua eneo na vitufe vya ujumbe uliorekodiwa. Leo tuongelee namna ya kuviseti hivyo vitufe. Nitaanza na kosa ambalo lilifanyika na mimi nikiwepo.

Kuna kundi la vijana saba, sitalitaja, lina maghala mawili yaliyoshikana nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, uwanja wa kuanikia na mizani karibu na geti. Walifunga mfumo mzuri tu. Paneli ilikuwa na vitufe nane: vinne vya maeneo (ghala la juu, ghala la chini, uwanja, geti), kimoja cha maeneo yote, viwili vya ujumbe uliorekodiwa na kimoja cha kuzima. Siku ya makabidhiano fundi alibonyeza kitufe cha maeneo yote, kisha akabonyeza kile chekundu cha hatari. Spika zote zikalia. Tukapiga makofi. Mimi nikaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba mfumo unafanya kazi.

Wiki tatu baadaye wakaja wafukizaji, wakafunika mahindi ya ghala la chini kwa maturubai na kuweka vidonge. Usiku turubai likaachia kwenye kona, gesi ikaanza kutoka. Mzee mlinzi akasikia harufu, akakimbilia ofisini, akabonyeza chekundu kama alivyofundishwa. Ujumbe ukatoka. Ukatoka getini tu. Mchana wake kuna mtu alikuwa amechagua eneo la geti ili amwite dereva wa lori, na paneli ilikuwa imesetiwa kupeleka ujumbe kwenye eneo lililochaguliwa mara ya mwisho. Ghala la juu, ambako makuli wawili walikuwa wamelala juu ya magunia wakikwepa baridi, lilikuwa kimya kabisa.

Walitolewa kwa sababu mwenzao alikumbuka kwamba hawajatoka. Walitapika, vichwa viliwauma, wakalazwa usiku mmoja, wakapona. Asubuhi nilipofika, mzee aliniambia, "Bwana shamba, ile nyekundu nimeibonyeza. Imesema sana, ila ilikuwa inasema na mimi mwenyewe."

Sasa tuelewane. Fundi yule hakuwa mjinga. Aliseti paneli kama inavyosetiwa kanisani au dukani, ambako kwanza unachagua chumba, halafu unacheza ujumbe. Kwa tangazo la kazi huo ndio mpangilio sahihi. Kwa hatari haufai, kwa sababu mtu mwenye hofu hakumbuki hatua mbili. Kwa hiyo ukikaa na fundi wako, mwambie hivi kabla hajafungua kompyuta yake: kitufe cha hatari kisitegemee kitufe kingine chochote. Ndani yake kiwe tayari na ujumbe gani, kwenye maeneo yapi, kwa sauti kubwa kiasi gani, na kimshinde nani. Mkono mmoja, mbonyezo mmoja.

Mimi ni mtu wa mimea, umeme nimejifunzia ukubwani. Lakini kupanga vitufe si kazi ya umeme peke yake. Fundi anajua nyaya, wewe ndiye unayejua nani analala wapi na lori linaingilia wapi. Chora ramani ya eneo lako kwenye karatasi, andika kwenye kila sehemu nani huwa pale mchana na nani usiku, ndipo mgawe maeneo. Na kama ghala lako ni chumba kimoja chenye watu wanne, usinunue paneli. Nunua megafoni na filimbi, hela iliyobaki uweke kwenye chaga za mbao.

Wale vijana tulikaa nao upya na kupanga hivi. Kitufe cha 1 hadi cha 4 vilibaki vya maeneo, cha 5 kikabaki cha maeneo yote, lakini vyote vitano vikawa vya maiki tu, yaani matangazo ya kazi. Tuliomba fundi aseti uchaguzi wa eneo ujifute wenyewe kila mtu akimaliza kuongea, usibaki umekaa hadi kesho yake. Pia kitufe cha kuongelea kwenye maiki tulikifanya cha kushikilia: ukiachia, maiki inazima. Zamani kilikuwa cha kubonyeza mara moja kikakaa. Siku moja kikasahaulika kikiwa wazi, na mnunuzi kutoka Tunduma aliyekuwa amesimama pale mizani akasikiliza kikao kizima cha bei, mpaka ile bei ya mwisho ambayo vijana walikubaliana wasishuke chini yake. Unaweza kukisia mahindi yaliuzwa kwa bei gani.

Kitufe cha 6 kikawa cha tahadhari ya ufukizaji. Hiki kinapeleka ujumbe maeneo yote bila kuchagua kitu, lakini lazima ukishikilie sekunde 2 ndipo kiitikie, maana hakina haraka na hatutaki kiguswe kwa bahati mbaya mtu akifuta vumbi. Cha 7 ndicho chekundu. Hakina kusubiri. Kimewekewa kifuniko cha plastiki angavu cha kuinua, ukikiinua na kubonyeza mara moja ujumbe unaanza maeneo yote na unajirudia mpaka uzimwe. Cha 8 kinazima. Tulikitenganisha na chekundu kwa makusudi, kwa sababu paneli nyingine husetiwa hivi: bonyeza mara ya kwanza iwake, bonyeza mara ya pili izime. Fikiria watu wawili wamefika ofisini kwa pamoja wakihema, kila mmoja akabonyeza. Wa kwanza amewasha, wa pili amezima, na wote wanatoka mbio wakiamini ujumbe unaendelea.

Kuna jambo moja tulibishana. Vijana walitaka kitufe cha kusema "hali ni salama, rudini kazini". Nilikataa, na bado nakataa. Gesi ya fosfini inayotoka kwenye vile vidonge ina harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini harufu inaweza kupotea na gesi bado ipo. Usalama unapimwa kwa kifaa. Kiwango kinachotumika sana kwa mtu kufanya kazi saa 8 ni kisichozidi sehemu 0.3 kwa milioni ya hewa. Kwa hiyo ruhusa ya kurudi itamkwe kwa mdomo, kwenye maiki, na mfukizaji mwenyewe baada ya kusoma kipimo chake. Ukiiweka kwenye kitufe, atakuja mtu mwenye haraka ya kupakia lori aibonyeze. Na kitufe cha kuzima nacho si ruhusa ya kuingia, kinazima sauti tu. Wafundishe watu wako tofauti hiyo.

Baada ya vitufe kuna kipaumbele, na hapa mafundi wengi hupita haraka. Paneli lazima ijue nani amnyamazishe nani. Sisi tuliweka juu kabisa maiki ya dharura iliyopo ofisini, halafu ujumbe mwekundu, halafu tahadhari ya ufukizaji, halafu matangazo ya kazi, na bongo fleva ya makuli mwisho kabisa. Kijana mmoja akauliza, kwa nini maiki ishinde rekodi ya hatari? Jibu ni upepo. Kiangazi huku kwetu Ufipa mara nyingi upepo hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo rekodi ilisema watu wakusanyike upande huo, mizani ilipo, ili gesi ipeperuke mbali nao. Siku upepo ukigeuka, rekodi itawapeleka watu ndani ya gesi. Rekodi haioni, mtu aliyeshika maiki anaona turubai linapepea kuelekea wapi. Vilevile hakikisheni ujumbe wa hatari unapita juu ya vile vidhibiti vidogo vya sauti vya ukutani. Makuli wakipunguza spika yao kwa sababu matangazo yanawakera, chekundu kikibonyezwa spika hiyo irudi kwenye sauti yake kamili.

Kwa nini tuhangaike na maneno, tusitumie king'ora tu? Mwaka 1991 watafiti Guylène Proulx na Jonathan Sime walieleza mazoezi ya kuondoa watu yaliyofanyika kwenye kituo cha treni cha Monument, mjini Newcastle, Uingereza. Kengele ilipolia peke yake watu hawakuwa na haraka ya kuondoka, wengi hawakujua inawahusu vipi. Walipoambiwa kwa spika kuna nini na waelekee wapi, waliondoka haraka. Huku kwetu king'ora kinachanganyika na honi za malori na kengele ya shule. Maneno hayachanganyiki, ila yatungwe vizuri.

Mpangilio unaofuatwa na wataalamu wa mifumo hii ni mlio wa kushtua wa sekunde 4 hadi 10, kimya cha sekunde 1 au 2, halafu ujumbe, kisha unajirudia bila kukaa kimya zaidi ya sekunde 30. Ujumbe wetu wa kwanza ulikuwa, "Usiingie ghala la chini." Tukaujaribu mashine ya kusafishia ikiwa inafanya kazi. Niliposimama nje ya ghala la chini nikasikia, "...ingie ghala la chini." Ile "usi" ilimezwa na kelele, na amri ikageuka kuwa kinyume chake. Tangu siku hiyo sikubali kukanusha kwenye ujumbe wa hatari. Sema kitu cha kufanya: "Hatari. Hatari. Toka nje sasa. Nenda kwenye mizani." Kwa ufukizaji: "Tahadhari. Ghala la chini lina gesi. Kaa mbali." Maneno mafupi, mtu aongee polepole, aache nafasi kati ya sentensi, maana bati la ghala linarudisha mwangwi na sentensi ya pili inagongana na ya kwanza. Kwa ajili ya mwangwi huohuo, spika ndogo kadhaa zilizofungwa chini kidogo na kuelekezwa kwa watu hufanya kazi kuliko honi moja kubwa iliyofungwa kwenye kenchi.

Lugha? Kiswahili kwanza. Makuli wetu wanatoka pande zote, Wafipa wa huku juu, Wasukuma waliohamia Bonde la Rukwa, na wengine kutoka mpakani. Ukitaka kuongeza Kifipa au Kisukuma ongeza, mradi urefu usimchoshe msikilizaji kabla hajaambiwa atoke. Na atakayerekodi awe mtu ambaye sauti yake inajulikana pale. Kuna watakaosema sauti isiyo na mwenyewe ikilia ghalani usiku wa manane Sumbawanga, watu watakimbia bila kusikiliza ilichosema. Ni utani, lakini una ukweli kidogo.

Sauti iwe juu ya kelele za mashine kwa angalau desibeli 10. Programu ya simu ya kupima sauti itakupa picha ya kutosha. Pima mashine zikiwa zinafanya kazi, siyo Jumapili ghala likiwa tupu.

Tuje kwenye nyaya, kwa kifupi. Mifumo mingi ya maghala hutumia laini ya volti 100, iwe ni amplifaya za Ahuja na TOA tulizozoea kuziona misikitini na makanisani au nyingine. Jumlisha wati za kila spika kama zilivyochaguliwa kwenye transfoma yake. Spika 8 za wati 15 ni wati 120, kwa hiyo amplifaya iwe kubwa zaidi ya hapo, wati 160 hivi, isifanye kazi ikiwa ukingoni. Kila ghala likiwa na laini mbili, spika moja laini hii, inayofuata laini ile, panya wakikata waya mmoja ghala halinyamazi lote. Panya watakata, ghala la mahindi ni kwao. Paneli nzuri ina taa ya njano ya hitilafu na mlio mdogo wa kukujulisha waya umekatika. Nimekuta ofisi moja wamebandika gundi ya karatasi kwenye kile kitundu cha mlio kwa sababu unapiga kelele. Ulikuwa unapiga kelele kwa wiki mbili, laini ya uwanjani imekufa.

Umeme mnaujua. Mkoa wetu kwa miaka mingi umetegemea umeme unaotoka Zambia, na kukatika si habari mpya. Kipimo kinachotumika sana ni betri kuubeba mfumo saa 24 ukiwa umetulia, na baada ya hapo nusu saa ya kutangaza hatari. Hesabu yake rahisi. Tuseme mfumo wako wa volti 24 unakula ampia 0.5 ukiwa umetulia: mara saa 24 ni 12. Ukitangaza unakula ampia 12: mara nusu saa ni 6. Jumla 18. Zidisha kwa 1.25 kwa ajili ya betri kuzeeka, unapata 22.5. Basi nunua betri mbili za volti 12 zenye ampia-saa 26 kila moja, ziunganishwe mfululizo. Betri ya pikipiki uliyoitoa kwenye boda iache kwenye boda.

Halafu kuna hili ambalo hata wauzaji wengi hawalisemi: fosfini inakula shaba. Nyaya, viunganishi, bodi za kielektroniki, vyote vinaharibika vikikaa ndani ya gesi hiyo, na vitufe vinaweza kuacha kushika bila wewe kujua. Paneli, amplifaya na betri vikae ofisini, jengo tofauti na linalofukizwa. Spika za ndani ya ghala huwezi kuzihamisha kila mara, kwa hiyo ufukizaji ukishaisha na hewa ikapimwa, zijaribu moja moja. Na kwa kuwa huku ni baridi, vidonge hutoa gesi polepole kuliko kule bondeni. Usimlazimishe mfukizaji afungue mapema kwa sababu lori limefika. Kazi yenyewe afanye mwenye kibali, TPHPA ndiyo mamlaka ya viuatilifu, na kama una wasiwasi na eneo la kazi OSHA wapo.

Kuhusu lebo: fundi alikuwa ameandika M1, M2, Z1 mpaka Z4. Mzee mlinzi ana miaka zaidi ya sitini na miwani yake huwa nyumbani. Tukaandika TOKA NJE kwa herufi kubwa kwenye chekundu, GESI kwenye cha njano, na hakuna kitufe kingine chochote chenye rangi hizo. Tukamwomba mzee afumbe macho akitafute chekundu kwa mkono. Alikikosa mara mbili, tukahamisha kifuniko, mara ya tatu akakipata. Hilo jaribio lilinifundisha kuliko kitabu cha maelekezo.

Ukimaliza, dai kwa fundi nakala ya mpangilio kwenye flashi na neno la siri la paneli. Badilisha lile lililotoka kiwandani. Jedwali la kila kitufe na kazi yake libandikwe ndani ya mlango wa paneli, na anayebadilisha kitu aandike tarehe na jina. Halafu zima umeme mkuu na sakiti breka ya betri, subiri, washa tena, uone kama mpangilio umebaki. Nimeona paneli iliyosahau kila kitu baada ya umeme kukatika, ikarudi kwenye mpangilio wa kiwandani, yaani uleule wa eneo lililochaguliwa mwisho.

Jaribio letu sasa ni kila Jumatatu saa 2 asubuhi, na tunalifanya kwa njia moja tu. Mtu mmoja anachagua geti na kumwita dereva ambaye hayupo. Anaondoka. Mwingine ambaye hakuwepo anakuja na kubonyeza chekundu, huku watu wanne wamesimama sehemu nne, kila mmoja anaandika alichosikia neno kwa neno. Asiyesikia, laini yake inatafutwa siku hiyohiyo. Ukutani, pembeni ya maiki, kuna namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na orodha ya majina ya waliolala ghalani usiku huo. Orodha hiyo aliidai mzee mlinzi, na anaijaza mwenyewe kila jioni kabla ya kufunga geti.

Wiki ijayo nitakuwa Laela na Mpui kwa ajili ya mambo ya unyevu wa mahindi, nikija na kipima unyevu. Mwenye paneli njiani anisimamishe, ila mlinzi wa usiku awepo, maana yeye ndiye nitakayempa kitufe abonyeze.